Kitabu kimoja shilingi 675,000, na ningekinunua tena. Tuzungumze kuhusu vitabu vya rejea huku Kusini

Bibi Shamba wa Tandahimba

Habari za jioni wanajukwaa. Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo naanzisha uzi kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni.

Mimi ni bibi shamba, kazi yangu ipo uwanda wa Makonde, wilaya ya Tandahimba. Mwezi uliopita nimepokea kitabu cha rejea cha wadudu waharibifu wa mazao ya nchi za joto. Kina kurasa zaidi ya 700, jalada gumu, picha za rangi. Bei yake dola 210, kukisafirisha dola 60. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500 inakuja 675,000. Kwa hesabu ya huku kwetu hizo ni kama kilo 200 za korosho ghafi ukibahatika kuuza kwa 3,400. Nimeziweka kidogo kidogo kwa miezi kumi na moja. Mume wangu aliponiuliza ni kitabu cha nini, nilimwambia twende shambani nikakuonyeshe.

Sasa nieleze kilichonifikisha huko.

Misimu kadhaa iliyopita kuna mzee mmoja, mkulima wangu, ana mikorosho ya urithi kama sitini. Mwezi wa sita miti ikiwa imechipua akanipigia simu: "Mwanangu, machipukizi yanaungua." Nikaenda. Ncha za matawi machanga zilikuwa nyeusi, zimekauka kama zimepitiwa na moto. Kijiji kizima kilisema huo ni ubwiri unga, na mimi, bila hata kuliinamisha tawi nikalitazama vizuri, nikasema ndiyo, ubwiri. Mzee akapuliza salfa. Akarudia. Mara ya tatu akapuliza kwa pesa ya kukopa. Machipukizi yakaendelea kufa, na msimu ule alipeleka ghalani magunia mawili, yeye aliyezoea kupeleka tisa. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baadaye nikakata matawi, nikayatia kwenye mfuko wa karatasi, nikapanda gari hadi Naliendele kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Mtafiti aliyenipokea hakunijibu papo hapo. Alifungua kitabu kinene kilichochakaa, akapitisha kidole kwenye faharasa, akafika ukurasa anaoutaka, kisha akanisogezea lenzi. Akaniambia nitazame kikonyo cha jani. Nikaona madoa meusi, marefu, yenye pembe, yamezama kidogo kwenye ngozi ya kikonyo. Akaniambia: "Sasa tafuta nywele." Nikawa nalizungusha tawi polepole kwenye mwanga wa dirisha, na kweli zikaonekana: nywele mbili fupi nyeupe zimechomoza pamoja. Lile lilikuwa yai. Mdudu mbu wa mikorosho hulizamisha yai lake ndani ya tawi laini, nje zikabaki nyuzi hizo mbili tu. Kitabuni mdudu mwenyewe alikuwa amechorwa: mwembamba, vipapasio virefu, na mgongoni ana kijiti kilichosimama wima kama pini yenye kichwa. Nilishawaona wale mara nyingi mno nikidhani ni mbu wa kawaida.

Ubwiri unga ni ukungu, huja kama majivu meupe juu ya maua na majani machanga, na salfa ndiyo dawa yake. Mdudu mbu yeye hufyonza utomvu, na salfa haimfanyi kitu. Mzee wangu alikuwa ananunua dawa ya malaria kumtibu aliyevunjika mguu.

Ukurasa uliofuata ndio ulionimaliza kabisa. Uliandika habari za majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanamwinda mdudu mbu. Wanamwinda pia yule mdudu anayefyonza nazi changa, anayewasumbua watu wa pwani. Mkorosho wenye majimoto wengi una walinzi wake mchana na usiku. Na mzee yule kila mwaka alikuwa anachoma viota vyao kwa sababu huwauma wanaopogolea, nami nikipita namwona anachoma, nasalimia, naendelea na safari.

Nilikitamani kitabu siku ile ile. Lakini cha kituoni husomewa pale pale, na kutoka kwangu hadi Naliendele na kurudi ni nauli na siku nzima ya kazi.

Naleta kwenu maswali. Kwa nini vitabu vya aina hii vina bei inayotisha namna hii? Ni vipi ambavyo sisi wa Mtwara na Lindi hatupaswi kuvikosa? Na mbona hatuvichangii? Mtoto akitoka jando au unyago kamati inakaa, daftari linafunguliwa, na ndani ya wiki tatu ngoma, pilau na vitenge vimelipiwa. Watu ishirini kwa 35,000 kila mmoja wananunua kitabu kama changu kila mwaka na kukiweka mahali ambapo kila mwenye shida anakifikia.

Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Chuno

Dada hongera kwa moyo, lakini laki sita na sabini na tano kwa karatasi? Kila kitu kipo mtandaoni siku hizi. Unaandika jina la ugonjwa, picha zinamiminika. Bando la elfu mbili linakutosha.

Bibi Shamba wa Tandahimba

Mdogo wangu, nilianzia huko huko. Unasema niandike jina la ugonjwa, na jina ndilo nililokuwa silijui. Niliandika "ubwiri unga" na mtandao ukanionyesha ubwiri unga, nikazidi kuamini kosa langu.

Kitabu cha rejea kilichotungwa vizuri kinaanzia kwenye kile unachokiona kwa macho. Kina ufunguo wa utambuzi. Kinakuuliza: kuna unga juu ya jani au hakuna? Hakuna, nenda namba 4. Doa ni la mviringo au lina pembe? Lina pembe, nenda namba 9. Unashuka ngazi moja moja mpaka unafika kwa mdudu mmoja. Ukikosea ngazi unarudi nyuma, unaona ulipopotea. Jioni moja ya kufanya hivyo shambani na tawi mkononi imenifundisha kutazama kuliko semina zote nilizokaa.

Halafu picha nilizozipata mtandaoni nyingi zilikuwa za India. Wenzetu kule mikorosho yao inashambuliwa na mdudu mbu ambaye jina lake la kitaalamu ni Helopeltis antonii. Wa kwetu ni Helopeltis anacardii na Helopeltis schoutedeni. Ni ndugu, lakini ushauri wa dawa na wa miezi ya kupuliza umeandikwa kwa mvua za huko, si kwa mvua za Tandahimba.

Mchapaji Mstaafu, Mikindani

Shikamooni wakubwa, na vijana marahaba. Binti yangu, swali lako la bei nalijibu mimi, kwa sababu nimekula mkate wa uchapaji miaka 22.

Watu hudhani wanalipia karatasi na wino. Karatasi ni sehemu ndogo. Kitabu cha kitaaluma kinagharimu kabla nakala ya kwanza haijatoka mashineni: wahakiki wanaokagua kila sura, mhariri, mchoraji wa wadudu wako, mpangaji wa kurasa, mtu wa kutengeneza faharasa. (Faharasa nzuri ni kazi ya wiki nyingi. Kitabu cha rejea kisicho na faharasa nzuri usikinunue hata kwa nusu bei.) Mwaka 2016 ulitoka utafiti Marekani, walipitia vitabu 382 vya mashirika 20 ya uchapaji ya vyuo vikuu, wakakuta kukitengeneza kitabu kimoja kunagharimu kuanzia dola 15,140 hadi dola 129,909.

Sasa piga hesabu. Chukua kitabu kilichokula dola 40,000. Kingekuwa riwaya ya kuuzwa nakala 20,000, kila nakala ingebeba dola 2. Lakini kitabu cha wadudu wa mikorosho duniani kina wanunuzi mia nne, tuseme. Kila nakala inabeba dola 100, na bado hujalipa karatasi, hujalipa jalada, muuza duka hajachukua fungu lake.

Hapo naielewa bei. Nisipoielewa ni pale kampuni kubwa inapojua kwamba wanunuzi wake ni maktaba za nchi tajiri, ikapanga bei ya maktaba hizo, basi. Msomaji wa Newala hayumo kwenye hesabu yao kabisa. Na usidhani pesa hizo zinamfikia aliyeandika. Mwandishi wa sura moja kwenye kitabu kikubwa cha aina hiyo mara nyingi hapati kitu zaidi ya nakala yake.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Kitabu kikitoka na jalada gumu, subiri. Baadhi hutolewa tena kwa jalada laini baada ya mwaka mmoja au miwili, bei ikiwa chini sana. Ukihitaji sura moja tu, mwandikie mwandishi barua pepe ya heshima, ueleze uko wapi na unafanya nini. Wengi hufurahi kusomwa na mtu aliye shambani.

Tabibu wa Lindi

Mimi nataka niongeze upande ambao dada hajaugusa: kuna kitabu kinachozeeka na kisichozeeka. Kabla hujachangisha watu ujue unanunua kipi.

Nilipotoka chuoni nilijibana nikanunua kitabu kikubwa cha tiba, kilo tatu na ushee, fahari ya meza yangu. Leo sithubutu kumpa mwanafunzi akisome peke yake. Mfano mmoja tu: kitabu cha kabla ya 2011 kitakuelekeza mtoto mwenye malaria kali umpe kwinini. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza sindano ya atesuneti kwa watoto pia, kwa sababu inaokoa wengi zaidi. Kitabu bado kina rangi nzuri, bado kinanukia vizuri, na ukurasa ule unaweza kukupotezea mtoto wa mtu. Sisi wa tiba ni afadhali tushike mwongozo wa matibabu wa taifa, tusasishe kila unapotoka mpya, pesa ya kitabu tuipeleke kwingine.

Halafu kuna mlango ambao naona wengi hawaujui. Tangu 2002 upo mpango unaoitwa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa. Mwaka 2003 wakafuata FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mpango wao wa AGORA. Sasa yote iko chini ya Research4Life. Ndani yake kuna majarida na vitabu vingi vya hizo kampuni ambazo mzee wa Mikindani amezisema, na taasisi za Tanzania zipo kwenye kundi linaloingia bure. Sharti ni kwamba anayejisajili ni taasisi, siyo mtu mmoja: hospitali, chuo, kituo cha utafiti, maktaba, hata ofisi ya serikali. Nenosiri hukaa kwa msimamizi.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo taasisi ilikuwa imesajiliwa miaka minne na nenosiri lilikuwa limeandikwa kwenye kikaratasi ndani ya droo ya mtu aliyehama. Hakuna aliyeuliza. Dada, kabla ya kuchanga, nenda ofisini kwako uulize kama mmesajiliwa AGORA. Kama hamjasajiliwa, andika barua kesho.

Mwalimu wa Historia, Kilwa Masoko

Tabibu amesema kweli tupu. Naomba mimi niseme habari ya visivyozeeka, na mnivumilie, nitaandika kirefu.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zipo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Kutoka dirisha la darasa langu mtu mwenye macho mazuri anakiona kisiwa. Ripoti kubwa ya uchimbaji wa Kilwa, ya Neville Chittick, ilichapwa mwaka 1974 na taasisi ya Waingereza iliyopo Nairobi, juzuu mbili. Tangu hapo wamekuja wataalamu wengine, wamepinga baadhi ya tarehe zake na maelezo yake, na ni haki yao. Lakini hakuna anayeweza kukiacha kitabu kile. Shimo likishachimbwa halichimbwi mara ya pili. Tabaka za udongo zilishaondoka, kilichobaki ni vipimo, michoro na picha zilizomo mle ndani. Ndiyo maana nakala kuukuu ya kitabu cha miaka hamsini inauzwa ghali kuliko ilivyouzwa mpya.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, baba yake mvuvi, aliniletea kigae alichokiokota ufukweni maji yalipokupwa. Kidogo, ukubwa wa sarafu mbili, upande mmoja una rangi ya kijani iliyoiva inayong'aa, ukikigeuza udongo wake ni mweupe wa kijivu, mgumu kama jiwe. Akaniuliza: "Mwalimu, hiki kimetoka wapi?" Nikamwambia vigae vya namna hiyo vilikuja kwa majahazi, vingine asili yake China, na kwamba kisheria vitu hivyo huachwa mahali vilipo, au wahusika wa mambo ya kale wakaarifiwa. Akauliza tena: "Cha mwaka gani?" Nikanyamaza. Jibu lipo kwenye michoro ya juzuu ya pili, na juzuu ya pili sijawahi kuishika mikononi mwangu. Nilizonazo ni kurasa sita zilizopigwa picha na simu ya rafiki aliyepita maktaba ya chuo Dar es Salaam.

Tendaguru, kule Lindi kulikochimbwa mifupa ya dinosaria, ni hivyo hivyo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa zaidi ya tani 200, wazee wetu wakaibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Leo yule mkubwa amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Aliyewasimamia wachimbaji na kuwafundisha kazi alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mtoto wa Lindi atalisoma wapi jina hilo? Maelezo ya msingi ya mifupa ile yameandikwa kwa Kijerumani, na vitabu vya karibuni vya Kiingereza vina bei anayoisema dada.

Mkianzisha daftari la mchango niandikeni jina la pili. Niko tayari kwa 50,000.

Mjukuu wa Rondo

Kwa ufupi, kwa wanaofanya kazi na mimea. Kuna rejea kubwa ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania iliyosimamiwa na bustani ya Kew, Uingereza. Sehemu ya kwanza ilitoka 1952, ya mwisho 2012. Miaka sitini, mimea zaidi ya 12,000. Kuvinunua vijitabu vyote ni ndoto. Lakini Kew wameyaweka maelezo hayo bure kwenye tovuti yao ya Plants of the World Online. Mimi nikienda msituni Rondo napakua kurasa za familia ninayoitafuta kabla sijapanda mlima, kwa sababu kule mtandao ni wa kubahatisha.

Watu wa samaki nao: FAO walitoa mwaka 1985 kitabu cha kutambulisha samaki wa biashara wa Tanzania, na kinapakuliwa bure. Nimewaonyesha wavuvi wa Msimbati kwenye simu, wakakaa nacho mpaka chaji ikaisha.

Kwa hiyo nakubali mchango, ila tutafute kwanza cha bure. Pesa iende kwa kile ambacho hakipatikani kwa njia nyingine.

Mdau wa Stendi Mkanaledi

Mnajichosha. Dada alete kitabu kwenye steshenari hapa stendi, tukitoe kopi chote, kila mmoja na yake. Elfu arobaini kazi imekwisha.

Bibi Shamba wa Tandahimba

Kaka yangu, hapana. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na hata isingekuwepo, mzee wa Mikindani ametueleza hapo juu kazi iliyomo ndani ya kitabu. Tukitoa kopi chote, wale wanunuzi mia nne wanabaki mia tatu, na kitabu kijacho kinakuja na bei kubwa zaidi au hakiji. Mkulima kunakili ukurasa mmoja wa mdudu wake kwa mkono kwenye daftari, huyo nitamshikia taa.

Isitoshe, kopi ya steshenari ni nyeusi na nyeupe. Madoa ya mdudu mbu na madoa ya blaiti, ugonjwa mwingine wa mikorosho, yakiwa meusi yote mawili, nimerudi pale pale nilipoanzia na mzee.

Kijana wa Chuno

Dada nimesoma uzi wote mpaka hapa. Pale uliposema "jina ndilo nililokuwa silijui" nimepaelewa. Niandike 20,000, mwisho wa mwezi natuma.

Bibi Shamba wa Tandahimba

Nashukuru sana nyote, shikamoo kwa mzee wa Mikindani. Naleta mrejesho.

Ofisini kwetu hatukuwa tumesajiliwa AGORA. Barua imeandikwa, imepigwa muhuri, imekwenda. Tabibu, ubarikiwe, ningekaa miaka mingine kumi bila kujua.

Waliojiandikisha mpaka leo asubuhi ni tisa, jumla yao 290,000. Kwa ushauri wa Mjukuu wa Rondo tumekubaliana kila jina la kitabu litakaloletwa litafutwe kwanza kama lipo bure au kama maktaba yoyote ya mikoa yetu miwili inacho. Kitabu cha kwanza kwenye orodha ni juzuu za Kilwa, nakala kuukuu, na mzee wa Mikindani amekubali kututafutia muuzaji na kukagua kama kurasa na ramani za kukunjua zimetimia kabla hatujalipa. Jumatatu nitakwenda kumwona mkutubi wa maktaba ya mkoa, kuuliza kama watatupokelea vitabu kwa sharti la kusomewa palepale, visitoke nje. Kama haiwezekani tutatafuta shule yenye kabati la kufuli na mwalimu anayekubali kufungua siku za Jumamosi. Mwalimu wa Kilwa, swali la kigae cha mwanafunzi wako usilisahau.

Kitabu changu mwenyewe kitakaa kwangu lakini hakifungiwi. Kimevikwa gazeti na nailoni, kinabebwa kwenye pikipiki. Wiki jana nilikipeleka kwa mzee. Alikaa nacho juu ya mkeka, miwani kaifunga kwa uzi, akatazama picha ya majimoto muda mrefu sana. Akaniuliza, wazungu hawa walijuaje habari za majimoto wetu? Nikamwambia sehemu ya utafiti ule imefanyika hapa hapa Tanzania, kwenye mikorosho kama yake. Akaita wajukuu waje waone. Viota havichomi tena. Tumefunga kamba kutoka mti hadi mti ili majimoto wapite juu wasikutane na chungu wa ardhini wanaowafukuza, na mpaka sasa miti 14 imeshaunganishwa.

Jumamosi hii nipo kwake kuanzia saa mbili asubuhi. Aliye jirani na ana tawi asilolielewa alilete. Alikate bichi, alitie kwenye mfuko wa karatasi, asitumie nailoni kwa sababu litatoka jasho na madoa yatabadilika rangi kabla sijafungua kitabu.